Filamu bubu hazikuwa zote za picha 16 kwa sekunde

Imezoeleka kusemwa kwamba filamu bubu zote zilipigwa kwa picha 16 kwa sekunde, na kwamba tangu mwanzo watu wake walionekana wakienda mbiombio. Si kweli. Kamera nyingi zilizungushwa kwa mkono, kasi ikabadilika hata ndani ya filamu moja, na kufikia miaka ya 1920 picha 20 au zaidi zilikuwa jambo la kawaida. Mbiombio tunayoijua hutokea filamu ya picha 18 inapoonyeshwa kwa 24, kasi iliyokuja na sauti: dakika 60 zinageuka 45.

Ili kuionyesha filamu kama hiyo kwa kasi yake ya asili, kupunguza mwendo wa mota ya projekta peke yake hakutoshi. Shata (kizibo kinachozunguka ndani ya projekta) ya mapanga mawili hukata mwanga mara 48 kwa sekunde kwenye picha 24. Kwenye 18 ni mara 36 tu, na skrini hupepesa hadi macho yachoke. Funga shata ya mapanga matatu, upate 54. Mwanga utapungua, lakini ni gharama inayostahili. Badilisha pia kidirisha cha projekta, yaani tundu linalopitisha mwanga wa picha, kwani cha filamu za sauti hukata upande mmoja wa picha.

Kwa mfumo wa dijitali usiokubali picha 18 kwa sekunde, kila picha ya tatu hurudiwa ili zifike 24.