Baiskeli ya milimani mahali pasipo milima: dhana potofu kuhusu Bretagne ya ndani

Nilimtumia binamu yangu wa Mwanza picha ya baiskeli yangu ikiwa imejaa tope hadi kwenye siti. Akanijibu kwa sauti huku akicheka: "Baiskeli ya milimani, sawa. Mlima uko wapi?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Naishi Rennes, magharibi mwa Ufaransa, na siku za mapumziko huelekea ndani zaidi ya Bretagne, mbali na bahari: msitu wa Huelgoat, vilima vya Monts d'Arrée, ziwa Guerlédan. Watu wengi, hata Wafaransa wenyewe, wana maneno yao kuhusu sehemu hizi. Mengine nimeyasikia nyumbani, mengine kwa wenyeji, na mawili matatu nilikuwa nayo mimi mwenyewe mpaka nilipoyalipia.

"Bila milima mirefu, baiskeli ya milimani ni pambo"

Kilele cha juu kuliko vyote Bretagne kinaitwa Roc'h Ruz, na kina mita 385. Ziwa Victoria liko kwenye mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Maana yake ni kwamba binamu yangu akiwa amekaa ufukweni anakula sato, yuko juu yangu karibu mara tatu hata nikisimama kwenye kilele chenyewe.

Lakini miguu haihesabu urefu kutoka baharini. Kwenye milima mirefu ya Alps unapanda mara moja, saa nzima, kisha unateremka. Huku unapanda mita sitini, unaangukia bonde lenye kijito, unapanda tena, na hivyo hivyo mpaka jioni. Hupati mteremko mrefu wa kupumzika. Mbio za Tour de France zimemaliza hatua kwenye kilima cha Mûr-de-Bretagne miaka ya 2011, 2015, 2018, 2021 na 2025, na kilima hicho kina kilomita mbili tu. Nilikiendea kwa dharau mara ya kwanza. Nusu ya njia nilikuwa nimeshuka, nasukuma baiskeli kama muuza mkaa.

"Nyika ile ni ardhi iliyoachwa tu"

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanapokosea zaidi.

Ukipanda Monts d'Arrée miti inaisha ghafla. Mbele yako ni nyika ya vichaka vifupi, Wafaransa huiita lande: mimea ya maua ya zambarau ardhini, na katikati yake kichaka cha miiba chenye maua ya njano kiitwacho ajonc, ambacho kikikuchana mguuni utakikumbuka hadi Jumatano. Upepo unavuma moja kwa moja. Juu ya kilima cha Saint-Michel kuna kanisa dogo la mawe, basi. Mtu anaangalia anasema: ardhi mbovu, haina mwenyewe, Mungu aliiumba hivyo.

Ukweli ni kwamba nyika ile imetengenezwa kwa mikono. Sehemu kubwa ilikuwa msitu zamani. Watu walifyeka, wakachoma, wakalisha ng'ombe na kondoo, na udongo wenye asidi ukabaki na mimea inayovumilia. Tangu hapo kwa mamia ya miaka nyika ilikuwa ghala la mkulima. Ajonc changa ilipondwapondwa ili miiba ilainike, wakapewa farasi. Vichaka vilikatwa kuwa matandiko ya zizi, kisha matandiko yale yaliyochanganyika na samadi yakapelekwa shambani. Mboji ya kinamasi, yaani mabaki ya mimea yaliyoshikana kama udongo, ilichimbwa, ikakaushwa, ikawa kuni za mahali pasipo kuni. Sheria ya mwaka 1850 ndiyo iliyorahisisha kugawanywa kwa ardhi zilizokuwa zikitumiwa kwa pamoja huku Bretagne. Jambo la namna hiyo huleta sheria pale tu ambapo watu wanagombea, na watu hawagombei kitu kisicho na thamani.

Ndiyo maana nyika ikiachwa haibaki nyika. Magugu marefu yanaingia, kisha miti midogo, kisha msitu. Unapokuta mashine inafyeka vichaka ndani ya hifadhi ya Armorique, iliyoanzishwa mwaka 1969, usidhani kuna mtu anaharibu mazingira. Anafanya kazi ya babu yake.

Na kwa mwenye baiskeli, hili lina uzito. Kuna ndege wa jamii ya mwewe, na wengine wenye midomo mirefu iliyopinda, wanaotaga chini kabisa kati ya vichaka. Tairi likitoka njiani hatua mbili tu linaweza kukanyaga kiota. Zaidi ya hapo, nyika inawaka. Julai 2022 moto ulipita hapa na kuunguza zaidi ya hekta 1,700. Kanisa la Saint-Michel liliokolewa, lakini kilima kikabaki cheusi. Kiangazi, ukiona tangazo la kufunga njia, geuza baiskeli. Mimi sigara nazo huwa nawaonya wenzangu, na nakubali kuitwa mwalimu wa nidhamu.

Chini ya kilima hicho kuna kinamasi cha mboji kinachoitwa Yeun Elez. Wazee wa Kibretoni walisimulia kwamba humo mna mlango wa kuzimu. Nilidhani ni hadithi ya kutishia watoto mpaka nilipokata njia ya mkato Februari moja: gurudumu la mbele lilizama hadi kwenye ekseli, nami nikaruka juu ya usukani. Majani yalikuwa ya kijani, laini, kama zulia. Hadithi ile ilikuwa kibao cha onyo kabla vibao havijaanza kuandikwa.

"Mawe ya Huelgoat yaliletwa na mafuriko"

Mawe haya ni ya mviringo, makubwa kama nyumba, yamerundikana juu ya mto. Hakuna mafuriko yaliyoyaleta. Mwamba wa graniti ulioza polepole chini ya ardhi kufuata nyufa zake, mchanga ukaoshwa na maji, viini vigumu vikabaki. Mtu wa Mwanza akiona haya hashangai, maana Bismarck Rock naye ana ndugu zake wa graniti ufukweni. Njia za katikati ya mawe zina ngazi na watembea kwa miguu wengi; baiskeli haifai hapo, na wala hutafurahia. Zunguka juu msituni.

Na msitu wenyewe, watu huuona wa kale sana. Usiku wa kuamkia tarehe 16 Oktoba 1987 kimbunga kiliuangusha sehemu kubwa. Miti mingi unayopita chini yake imeota au imepandwa baada ya usiku huo.

"Msitu ni wa wote, pita popote"

Hii ilinitia aibu. Robo tatu hivi ya misitu ya Ufaransa bara ni mali ya watu binafsi. Njia nyingi hupita humo kwa ridhaa ya mwenye ardhi, na ridhaa inaweza kuondolewa. Sheria ya tarehe 2 Februari 2023, iliyokusudiwa kupunguza uzio mrefu unaozuia wanyama kupita, ilikuja na kipengele kingine: ukiingia bila ruhusa kwenye ardhi ya mtu shambani au msituni, na katazo limewekwa wazi, unaweza kupigwa faini. Kwa hiyo ukiona kibao cha "Propriété privée" (mali ya mtu binafsi), usijifanye hujui Kifaransa. Nilijifanya mara moja. Mzee mmoja akatoka na mbwa wake, akanisalimia kwa adabu zote, akanirudisha kilomita tatu nilikotoka.

Rangi za alama nazo zinachanganya. Mistari miwili, nyeupe juu na nyekundu chini, ni njia ya masafa marefu ya watembea kwa miguu. Haina maana kwamba baiskeli imekatazwa kila mahali, lakini haikupangwa kwa ajili yako. Utakutana na ngazi, na mara nyingine katazo la meya. Alama ya baiskeli za milimani ni pembetatu yenye duara mbili chini yake. Ikiwa ya kijani ni rahisi sana, bluu rahisi, nyekundu ngumu, nyeusi ngumu sana. Anza na bluu hata kama una mapaja ya mbao. Ukikutana na mtu wa miguu, punguza mwendo, msalimie. Ukikutana na farasi, simama na useme neno, ajue kwamba wewe ni binadamu.

Kuanzia Septemba hadi mwisho wa Februari kuna uwindaji. Vaa rangi inayopiga kelele. Kibao cha "Chasse en cours" kikisimama njiani, wawindaji wako kazini, na siku hiyo njia yako imeisha.

"Bretagne ni mvua tu"

Rennes hupata mvua kidogo kuliko Nice kwa mwaka. Tofauti ni kwamba Nice inanyesha kwa hasira ikaisha, na huku inanyunyiza kama mtu asiye na haraka. Ni kweli kwamba Monts d'Arrée hupata karibu mara mbili ya Rennes, kwa hiyo chukua koti, na punguza upepo kidogo kwenye tairi ili lishike matope. Tyubu ya akiba, pampu, viraka na sulesheni usiviache: miiba ya ajonc haichagui bei ya tairi, na fundi wa kando ya barabara hayupo.

Na baiskeli ya umeme si pikipiki, kama rafiki zangu wanavyonitania. Kisheria injini yake haizidi wati 250, inakusaidia tu ukikanyaga pedali, na inakata ikifika kilomita 25 kwa saa. Ikizidi hapo inahesabiwa chombo cha moto na njia za msituni haziihusu.

"Ziwa Guerlédan ni la asili, na kulizunguka ni tambarare"

Yote mawili si kweli. Napoleon alitaka mfereji ambao meli za Waingereza baharini zisingeweza kuufunga, na mfereji wa kutoka Nantes hadi Brest ukakamilika mwaka 1842, kilomita 364. Huko Glomel, mtaro mkubwa wa wazi wa mfereji ulichimbwa na wafungwa walioletwa kutoka Brest. Leo ni njia tulivu kando ya maji, familia zinapita na vitoto kwenye tela la baiskeli. Kisha kati ya mwaka 1923 na 1930 likajengwa bwawa la umeme kwenye mto Blavet. Bonde lote likajaa maji kwa kilomita kumi na mbili, mfereji ukakatika vipande viwili, na milango yake 17 ya kupandisha mashua ikazama pamoja na nyumba za walinzi wake.

Ndiyo maana ufuo ni mkali vile. Unachozunguka ni kingo za korongo lililojaa, na upande wa kusini, msitu wa Quénécan, njia inapanda na kushuka bila huruma. Anayetaka tambarare apite kaskazini, kwenye reli ya zamani iliyogeuzwa njia ya baiskeli.

Mwaka 2015 maji yalitolewa yote ili bwawa lirekebishwe, kama ilivyokuwa mwaka 1985. Korongo likaonekana: kuta za nyumba, milango ya mfereji, mashina ya miti yamesimama kwenye tope lililokauka, na kando ya mto njia nyembamba walikokuwa wakipita farasi wakivuta mashua. Kwenye ramani yangu njia hiyo inaishia ukingoni mwa ziwa. Nimeshawahi kusimama pale na baiskeli mkononi, nikiangalia inavyoteremka taratibu na kuingia majini.