Chaja mbadala: uliza kwanza kazi ya kuchaji inafanyika wapi

Swali ninaloletewa kuliko yote ni hili: "Fundi, chaja ya mashine yangu imepotea, ila ninayo nyingine ambayo pini yake inaingia. Niitumie?" Pini kuingia si hoja. Viwanda vinatumia maumbo machache tu ya pini za duara, na ileile yenye kipenyo cha milimita 5.5 utaikuta kwenye ruta ya volti 12, kwenye kinanda cha volti 9 na kwenye kifyonza vumbi cha volti 26. Zinaingiliana vizuri kabisa, na ukikosea huenda usipate onyo lolote zaidi ya harufu.

Ushauri uliozoeleka ni kwamba volti zilingane, ampea zisipungue, chanya na hasi zikae mahali pake. Ni ushauri mzuri, nami nitaurudia hapa chini. Kasoro yake ni kwamba unachukulia kile kiboksi cha ukutani kuwa chanzo cha umeme tu, na kwamba kazi yenyewe ya kuchaji inafanyika ndani ya kifaa. Kwenye simu ni kweli. Kwenye drili, mashine za kukatia majani na vifyonza vumbi vingi, si lazima iwe hivyo, na hapo ndipo betri nzima zinapoharibiwa na chaja ambayo "namba zake zinalingana".

Betri ya lithiamu haichajiwi kwa kuunganishiwa umeme na kuachwa. Saketi ya kuchaji huanza kwa kusukuma mkondo usiobadilika huku volti za betri zikipanda. Kila seli, yaani kila betri ndogo kati ya zilizounganishwa ndani ya betri nzima, ikifika volti 4.2, saketi inazishikilia volti hapohapo na kuuacha mkondo upungue polepole, kisha inakata. Lazima pawe na kitu kinachoifanya kazi hiyo. Kinaweza kuwa ndani ya kifaa, ndani ya kitako unachopachika betri, au ndani ya kiboksi cha ukutani. Na kwenye vifaa vingi vya zamani vya betri za nikeli-kadimiamu hakipo popote: kuna transfoma, daiodi inayopitisha umeme upande mmoja tu, pengine na rezista ya kupunguza mkondo, basi. Wewe mwenye kifaa ndiye unayeangalia saa na kuchomoa muda ukifika.

Kwa hiyo kabla ya kulinganisha chochote, tambua kifaa chako ni cha aina gani. Bila kukifungua, mimi huanza na namba ya volti za kutokea zilizoandikwa kwenye kiboksi. Seli moja ya lithiamu ikijaa ni volti 4.2, basi zidisha: mbili ni 8.4, tatu ni 12.6, nne ni 16.8, tano ni 21, sita ni 25.2, saba ni 29.4. Ukikuta moja ya namba hizi, kuna uwezekano mkubwa kiboksi chenyewe ndicho chaja, na ndani ya kifaa hamna zaidi ya betri na bodi yake ya ulinzi. Ukikuta namba kama 5, 9, 12, 15, 19 au 24, mara nyingi hicho ni chanzo cha umeme tu na saketi ya kuchaji imo ndani ya kifaa. Dalili nyingine ni taa. Kama taa iliyo kwenye kiboksi chenyewe hugeuka kutoka nyekundu kuwa kijani betri inapojaa, maana yake kiboksi kinapima mkondo, yaani ndicho kinachochaji. Taa ikiwa kwenye kifaa, elekeza macho huko.

Sasa tazama jinsi lebo inavyoweza kukuchezea. Ninavyo viboksi viwili ninavyowaonyesha wateja wabishi. Vyote vimeandikwa volti 21, miliampea 400, umeme wa DC, yaani unaokwenda upande mmoja tu. Pini ni zilezile, na chanya iko katikati kwa vyote viwili. Kimoja ni kizito kama jiwe la kusagia, kwa sababu ndani yake mna transfoma ya chuma. Kilikuja na drili ya volti 18 ya nikeli-kadimiamu, ambayo ina seli 15 za volti 1.2. Kingine ni chepesi. Kilikuja na drili ya volti 18 ya lithiamu, seli tano. Ukivipima kwa multimita bila kuviunganisha na chochote, kile chepesi kinasoma 21 kamili. Kile kizito kinasoma volti zinazokaribia 30.

Kile kizito si kibovu. Transfoma isiyo na kidhibiti hutoa volti zilizoandikwa kwenye lebo pale tu inapobeba mzigo ulioandikwa; mzigo ukipungua, volti hupanda. Kwa betri yake ya nikeli-kadimiamu hilo halina shida, kwa sababu udhaifu wa transfoma yenyewe ndio unaoubana mkondo. Lakini ukikichomeka kwenye drili ya lithiamu ya aina inayotegemea kiboksi kuichajia, hakuna kitakachozizuia volti pale 21. Kitakachobaki ni bodi ya ulinzi iliyo ndani ya betri, ambayo kwa kawaida hukata seli ikizidi kidogo volti 4.2. Bodi hiyo imewekwa kwa ajali, haikuwekwa kuchaji. Ukiitegemea kila siku, siku itakapokwama utakuwa na betri ya lithiamu iliyochajiwa kupita kiasi, na hizo huvimba au kushika moto.

Kinyume chake si hatari, ila kinakera. Kile chepesi hakitaijaza betri ya nikeli-kadimiamu. Seli zake 15 zinahitaji kama volti 1.45 kila moja kuelekea mwisho wa kuchaji, jumla karibu volti 22, na juu yake daiodi inakula sehemu yake. Drili itafanya kazi kidogo kisha ilegee, na mwenye nayo atasema betri imekufa.

Kanuni ya ampea nayo ina mipaka hiyohiyo. Kifaa chenye saketi yake ya kuchaji huchukua ampea kinazohitaji tu, hivyo adapta ya ampea 3 badala ya ampea 1 haidhuru, mradi volti ni zilezile. Ukienda chini ndipo kuna tatizo: adapta itachemka, itakuwa inazima na kuwaka, au itaungua. Lakini kwenye kifaa kile cha transfoma na daiodi, ile miliampea 400 ilikuwa ndiyo breki. Ukiweka kiboksi cha kisasa chenye nguvu za kutoa ampea 2 bila kulegea, betri itapokea mkondo ambao haikukusudiwa, na hakuna cha kuukata ikijaa. Kwa vifaa hivyo tafuta chaja yenye ampea zilezile au pungufu kidogo, ya transfoma kama ya kwanza, au uwekeze kwenye chaja ya kweli ya nikeli inayotambua betri imejaa kwa kuona joto likipanda au volti zikishuka kidogo. Hiyo ya pili ndiyo ninayoipendelea.

Na kama kiboksi chenyewe ndicho kilichopotea, lebo huna, utajuaje? Anza na kifaa: pembeni ya tundu la chaja au chini ya kifaa huwa pameandikwa volti za kuingia. Pasipoandikwa, tafuta namba kamili ya modeli kwenye kijitabu chake. Jina la kifaa peke yake halitoshi, kwa sababu kiwanda kilekile huuza mashine za kunyolea zinazofanana kama mapacha, moja ya volti 15 na nyingine ya volti 4.3.

Kosa ninalolikuta sana hapa ni kununua adapta ya volti za betri. Drili imeandikwa 18, mtu ananunua adapta ya 18. Hiyo 18 ni wastani wa betri inapofanya kazi. Ili seli tano zijae unahitaji 21, na ikiwa saketi ya kuchaji imo ndani ya kifaa, huenda adapta ikatakiwa kuwa juu zaidi ya hapo. Ndiyo maana kifyonza vumbi chenye betri ya 21.6, yaani seli sita, huja na adapta ya 26 au 27. Namba ya betri ni ya kukuambia idadi ya seli, isiwe ya kununulia chaja. Na usishangae ukikuta betri ya "20" na ya "18" zote zina seli tano: mmoja amehesabu ikiwa imejaa, mwingine amehesabu wastani. Kisha soma aina ya betri. Lithiamu ya chuma na fosfeti hujaa kwa volti 3.65 kwa kila seli badala ya 4.2, kwa hiyo chaja ya lithiamu ya kawaida haiifai hata kama idadi ya seli ni ileile.

Chanya na hasi niseme kwa ufupi. Lebo huwa na mchoro wa nukta iliyozungukwa na nusu duara, kila moja imeunganishwa na alama ya kujumlisha au ya kutoa. Nukta ni sehemu ya ndani ya pini. Vifaa vingi vina chanya ndani, lakini si vyote, kwa hiyo mchoro wa adapta ufanane na wa kifaa. Angalia pia alama ya umeme wenyewe: mstari mnyoofu wenye vistari chini yake ni DC, kiwimbi ni AC, yaani umeme unaogeuza mwelekeo kila mara kama ule wa ukutani. Viboksi vichache, vikiwamo vya baadhi ya simu za mezani zisizo na waya, hutoa AC upande wa pili. Ukikipeleka kwenye kifaa cha DC utakiharibu.

Pini ya 5.5 nayo huja na tundu la ndani la 2.1 au 2.5. Yenye 2.1 itagoma kuingia kwenye kifaa cha 2.5, jambo ambalo ni heri. Yenye 2.5 itaingia kwenye kifaa cha 2.1 na kulegalega, ichaji na kuacha, huku ikipata joto pale inapogusa. Ukijikuta unakunja waya kwa pembe fulani ili taa iwake, pini si yake.

Kwa betri za kuchomoa, zile za drili na misumeno, hesabu vituo vya chuma. Viwili ni chanya na hasi. Cha tatu mara nyingi kinakwenda kwenye kipima joto kilicho katikati ya seli, na kitako cha asili hukisoma kabla hakijaanza kuchaji na wakati wote kinapochaji. Kikiona betri ina joto kali kwa kuwa imetoka kazini sasa hivi, kinasubiri. Kikiona iko chini ya sifuri, kinakataa, kwa sababu lithiamu ikichajiwa kwenye baridi ya namna hiyo huharibika ndani. Vitako mbadala vipo vizuri na vipo vya ovyo. Kitako kinachogusa vituo viwili tu kwenye betri yenye vitatu au zaidi mimi sikitaki, hata kama kinachaji haraka. Hasa kama kinachaji haraka.

USB-C imerahisisha mengi. Adapta ya kweli huanza na volti 5 na haipandi mpaka kifaa kiombe, hivyo adapta ya wati 100 ya kompyuta haiunguzi vipokea sauti vya masikioni. Kuna visa viwili vya kuangalia. Kwanza, kuna viboksi vyenye ncha ya umbo la USB-C ambavyo hutoa volti 12 au zaidi moja kwa moja bila kuulizana na kifaa. Hivyo vibaki na kifaa vilichokuja nacho, uviandike kwa kalamu nzito. Pili, kuna tochi, feni na mashine za kunyolea ambazo zinagoma kabisa kwa kebo yenye USB-C pande zote mbili. Watu hutupa adapta nzima wakidhani imekufa. Mtengenezaji ameacha rezista mbili za kilo-omu 5.1 ambazo zinapaswa kuwa nyuma ya tundu, na bila hizo adapta haijui kama kuna kifaa, kwa hiyo haitoi umeme. Tumia kebo yenye ncha pana ya zamani, USB-A, upande wa adapta, na kifaa kitachaji.

Umoja wa Ulaya umelazimisha USB-C kwa simu, tableti, kamera, spika za kubebeka na kadhalika tangu 28 Desemba 2024, na tarehe ya kompyuta mpakato ni 28 Aprili 2026. Drili, vifyonza vumbi na mashine za kunyolea hazimo kwenye orodha hiyo. Mswaki wa umeme nao haumo: mara nyingi huchajiwa kwa koili mbili, moja kwenye kitako na nyingine ndani ya mpini, na sahani ya kuchajia simu bila waya haiwezi kuufanyia kazi. Kwa mswaki, tafuta kitako cha familia yake na usome volti za ukutani kinazokubali, maana si vyote vinavyokwenda kuanzia 100 mpaka 240.

Ukishapata chaja unayoiamini, usiichomeke ukaenda kulala. Ichaji mara ya kwanza mchana, kifaa kikiwa juu ya kigae au saruji, wewe ukiwa karibu. Baada ya nusu saa gusa kiboksi, kisha betri. Uvuguvugu ni kawaida. Ukishindwa kuushikilia mkono hapo, chomoa. Taa ikisema imejaa, kama betri inachomoka, ipime: gawanya volti kwa idadi ya seli, na kwa lithiamu ya kawaida jibu lisizidi 4.2. Likiwa 4.3, rudisha hiyo chaja ulikoinunua.