Hakuna leya nene

Wiki hii nimeisikia tena: “Kuta zote zipeleke kwenye leya nene.” Aliyesema ni mchoraji ramani hodari, na mwenzake alimwelewa. Lakini leya nene haipo.

Leya, yaani tabaka, ni fungu la vitu vya aina moja ndani ya mchoro wa kompyuta: kuta peke yake, milango peke yake, samani, umeme, vipimo. Unene ni upana wa mstari kwa milimita ukishachapwa kwenye karatasi. Basi.

Tabaka lilianzia mezani, kabla ya kompyuta. Juu ya pleni ya kuta, yaani ramani ya nyumba ikitazamwa kutoka juu, ulitandika karatasi ya tresi inayopenyeza mwanga ukachora umeme, ukatandika nyingine ukachora mabomba. Ofisi kubwa zilitoboa matundu pembeni mwa filamu za plastiki na kuzishika kwa pini zisisogee. Ukiinua ya juu, ya chini inabaki ilivyo. Ukizima leya kwenye AutoCAD, programu ya kuchorea ramani, unainua karatasi ile ile. Kiswahili kilikuwa na neno lake tayari, tunalolitumia kwa udongo: tabaka juu ya tabaka, kila moja na asili yake.

Unene ulitoka kwenye peni za wino. Saizi zake zilipangwa: 0.13, 0.18, 0.25, 0.35, 0.5, 0.7. Kila moja ni kama mara 1.4 ya iliyotangulia, uwiano ule ule wa upande wa karatasi ya A3 kwa upande wa A2, hivyo mchoro ukikuzwa, mstari wa 0.25 unakuwa 0.35 na peni ya kuuendeleza ipo. Peni hizo zilitambulishwa kwa pete za rangi: 0.25 nyeupe, 0.35 njano, 0.5 kahawia. Kisha zikaja mashine za kuchora zilizoshika peni zenyewe, na kompyuta ikaziagiza kwa rangi: rangi hii, chukua peni ile. Rangi ikawa peni. Na kwa kuwa kila leya ilipewa rangi yake, leya nayo ikadhaniwa ni peni.

Leya inajibu kitu hiki ni nini. Unene unajibu kimekatwa au kinaonekana tu. Pleni ni nyumba iliyokatwa mlalo, mita moja na ushee juu ya sakafu. Ukuta uliopitiwa na mkato huo unastahili 0.5. Ukuta mfupi wa kibaraza haukufikiwa. Tunautazama kutoka juu, na 0.25 inautosha. Mistari ya vigae, 0.13. Kibaraza na ukuta wa sebule ni tofali zile zile, ila mmoja umekatwa na mwingine haukukatwa. Ukivitupa vyote kwenye “leya nene”, fundi anasoma ukuta kamili. Nimemkuta fundi amepandisha kozi, yaani safu za tofali, za kibaraza hadi kimo cha dirisha, na ramani ndiyo iliyomwambia afanye hivyo.

Ni kweli programu inakuruhusu kuipa leya unene wake wa kuanzia, na ni desturi nzuri. Unene huo unaweza kuubadilisha kesho, ukuta ukabaki ukuta. Kwa hiyo, ndugu yangu, mwambie mwenzako “leya ya kuta zilizokatwa, mstari 0.5”, na kile kibaraza mfungulie leya yake.