Breketi ikibanduka: kuandaa enameli kabla ya kuibandika tena

Breketi, kile kipande kidogo kinachogundishwa kwenye jino ili kushika waya wa kunyoosha meno, ikibanduka mara ya pili kwenye jino lile lile, mgonjwa hulaumu muwa na mahindi ya kuchoma, mtabibu hulaumu gundi. Mara nyingi chanzo ni jino lenyewe: breketi ilibandikwa jino likiwa na unyevu wa mate, au juu ya mabaki ya gundi ya zamani.

Mabaki hayo ni magumu kuyaona kwa sababu rangi yake hufanana na ya jino. Likaushe jino kwa hewa, kisha litazame kwa upande: enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, hung'aa, gundi hubaki imefifia. Iondoe kwa kekee ya kabaidi ya tungsteni, mwendo wa polepole, kwa miguso myepesi. Kekee ya almasi tusiitumie hapa. Huacha mikwaruzo mirefu, na enameli iliyoondoka haioti tena.

Kisha sugua kwa unga wa pamisi (jiwe la volkeno lililosagwa) na maji, kwa kikombe cha mpira, sekunde 10 hivi, usuuze. Unga huo usiwe na mafuta wala floridi. Dawa ya meno ya kawaida haifai.

Sasa weka mpira wa kuvuta mashavu, pamba na bomba la kufyonza mate, ndipo upake asidi ya fosforiki ya asilimia 37 pale tu breketi itakapokaa. Sekunde 15 hadi 30 zinatosha. Suuza kwa maji mengi sekunde 20, ukaushe. Hapa usiharakishe: enameli iliyoiva kwa asidi huwa nyeupe kavu kama chaki. Weupe huo ni vitundu visivyoonekana kwa macho, ambamo gundi huingia na kujishikiza. Pasipogeuka weupe wa chaki pana gundi ya zamani, au asidi haikufika.

Baada ya hapo usiguse jino kwa kidole wala kulisugua kwa pamba. Tone moja la mate huziba vitundu papo hapo, na kulikausha hakusaidii. Suuza, kausha, upake asidi tena sekunde 10 hadi 15. Kompresa, mashine inayosukuma hewa ya kukaushia, nayo huharibu kazi kimyakimya. Puliza hewa yake kwenye kioo safi cha kinywani: ukiona ukungu au mafuta, mwaga maji ya tangi na kagua chujio kabla ya kuendelea.

Kwa wagonjwa wa Kisoro na Kasese, wilaya za magharibi mwa Uganda, ambako baadhi ya vyanzo vya maji vina floridi nyingi, utakuta meno yenye mabaka meupe au ya kahawia. Enameli hiyo hukaidi asidi. Weupe wa chaki usipotokea, ongeza muda, lakini usirudierudie bila kikomo, maana asidi ikizidi hudhoofisha enameli.

Paka praima (kimiminika kinachotangulia gundi) nyembamba, bandika breketi mpya au iliyosafishwa kitako, ikandamize, ondoa gundi iliyofurika pembeni, kisha mulika kwa taa ya kukaushia gundi kwa muda aliouandika mtengenezaji. Umeme ukikatikakatika, hakikisha betri ya taa imejaa. Mwanga hafifu hukausha gundi juu tu, chini ikabaki laini.

Nawe mgonjwa, breketi ikibanduka usiirudishe kwa supagluu. Ihifadhi kwenye kikopo safi, uje nayo. Ikiwa bado inaning'inia kwenye waya na kuchoma shavu, ifunike kwa nta ya meno mpaka ufike kliniki.