Kompyuta imegoma baada ya kusasishwa: nakili kwanza, karabati baadaye

Hajati ni muuzaji wa jumla Kikuubo, hapa Kampala. Sukari, sabuni, mafuta ya kupikia. Wateja wake wanatoka Arua, Juba, mpaka Bunia, na wengi wao huchukua mali leo wakalipa safari ijayo. Madeni hayo yote yamo kwenye faili moja la LibreOffice, ndani ya kompyuta ya mezani niliyomwekea Linux Mint, mfumo mwepesi wa bure badala ya Windows, kwa kuwa ni ya zamani na Windows ilikuwa imeilemea. Jumatatu moja alinipigia simu hata sijafungua kibanda. "Mwanangu fundi, mashine imejaa Kizungu kitupu, haiendi mbele wala nyuma. Na madeni yangu yamo humo."

Mengine alinieleza mpwa wake, kijana makini anayemsaidia dukani. Jumapili aliihamisha mashine kutoka Mint 21.3 kwenda 22. Programu ya kuhamishia ilimdai kwanza apige picha ya mfumo kwa Timeshift, yaani ahifadhi mfumo ulivyo ili aweze kuurudia, akapiga. Katikati ya kazi stima ikakatika. Iliporudi mashine haikuwaka vizuri, basi akairudisha kwenye picha ile. Ikaamka, lakini faili la madeni likakataa kufunguka. Akaizima na kuiwasha tena, na safari hii ikaishia kwenye initramfs, hatua ya mwanzo ya kuwaka kabla mfumo haujafunguka, na maneno haya: UNEXPECTED INCONSISTENCY, RUN fsck MANUALLY. Alikuwa tayari kuandika fsck, amri ya kukagua na kurekebisha mpangilio wa mafaili. Nikamwomba aache, ashikilie kitufe mpaka mashine izime, anisubiri.

Mashine ikigoma baada ya kusasishwa, kila mtu hulilaumu sasisho. Mara nyingi kosa lilikuwepo kabla. Diski ngumu haijui kwamba sekta yake, yaani kipande kidogo cha kuhifadhia data, imekufa mpaka ijaribu kuisoma. Faili linaweza kukaa miezi minane juu ya sekta mbovu bila mtu kuligusa, na duka likaendelea kama kawaida. Sasisho kubwa linakuja na kusoma na kuandika maelfu ya mafaili ndani ya saa moja, na picha ya kwanza ya Timeshift nayo inasoma karibu mfumo mzima. Hapo ndipo ubovu wa zamani unapoonekana.

Kwa hiyo kuna magonjwa mawili yenye dalili zinazofanana. La kwanza ni mpangilio wa mafaili kuvurugika kwa sababu stima ilikatika kazi ikiendelea, huku diski yenyewe ikiwa nzima. Hilo fsck inalitibu, na sasisho lililokatika unalimalizia kwa `sudo dpkg --configure -a`. La pili ni diski kufa. Ukimpa mgonjwa wa pili dawa ya wa kwanza, unaweza kummaliza.

Kuyatofautisha ni kazi ya dakika kumi. Niliiwasha mashine ya Hajati kwa flashi yenye Linux, bila kuyagusa mafaili ya diski yake, nikaandika `sudo smartctl -a /dev/sda`, amri ya kuuliza diski hali ya afya yake. Juu kabisa iliandika PASSED. Naomba sana usiishie kwenye neno hilo, kwani diski nyingi zilizokufa mikononi mwangu zilikuwa zinasema PASSED hadi siku ya mwisho. Shuka chini kwenye orodha. Namba 5 ni sekta ambazo diski imekwisha kuzihama. Namba 197 ni zile zilizoshindikana kusomwa na bado zinasubiri hukumu. Namba 198 ni zile zilizokutwa hazisomeki diski ilipojikagua yenyewe. Namba 199 huhesabu makosa ya njiani, kati ya diski na ubao mkuu wa kompyuta, na ikipanda yenyewe huku nyingine ni sifuri, badilisha waya wa SATA unaoziunganisha kabla hujamnunulisha mtu diski mpya. Kwa Hajati 199 ilikuwa sifuri na 197 ilikuwa 48. `dmesg`, kumbukumbu ya ujumbe wa mfumo, nayo ikajaa mistari ya I/O error, yaani makosa ya kusoma na kuandika. Diski ilikuwa inakufa.

Hapa fsck ni hatari kwa sababu inaandika. Ikikutana na sehemu isiyosomeka inakuuliza kama ipuuze kosa, kisha kama ilazimishe kuandika upya mahali hapo. Mtu aliyechoka hujibu y, y, y. Kila y ni maandishi mapya juu ya kitu ambacho huenda kingesomeka kwa kujaribu mara ya tatu.

Mpwa akaniuliza swali ambalo wengi huniuliza: "Kaka, si tuna picha sita za Timeshift? Kwa nini tusizitumie?" Nilikaa naye kwenye hili. Kwanza, Timeshift kwa kawaida haigusi folda za mtu binafsi. Inalinda mfumo, yaani programu na mipangilio, na faili la madeni halimo hata kwenye moja ya picha zile. Pili, picha zote zilikuwa kwenye diski ileile inayokufa. Tatu, na hili ndilo lililomshangaza, picha sita si nakala sita. Picha ya kwanza ni nakala kamili. Zinazofuata, kwa faili ambalo halijabadilika, zinaongeza jina jipya tu kwa faili lililonakiliwa tangu mwanzo. Sekta moja ikifa chini ya faili hilo, picha zote sita zimelipoteza kwa pamoja. Kwenye Btrfs, aina nyingine ya mpangilio wa mafaili, uhusiano ni wa karibu zaidi, kwani picha na mfumo unaoutumia sasa hivi vinakalia sehemu zilezile za diski mpaka kimojawapo kibadilike.

Picha ya mfumo inafaa sana pale sasisho linapoleta draiva mbaya ya skrini. Diski ikiharibika haina msaada.

Basi tulinakili kwanza. Diski ya nje, kubwa kuliko ile mbovu, UPS chini ya meza, kisha:

`sudo ddrescue -d -n /dev/sda hajati.img hajati.map`

Amri hii inachukua yanayosomeka kirahisi na kuyaacha magumu kwa baadaye. Faili la .map linakumbuka ilipofika, hivyo stima ikikatika unaendelea palepale. Mzunguko wa pili unabadilisha `-n` kuwa `-r3`, ili sehemu ngumu zijaribiwe mara tatu. Ilikwenda usiku kucha. Asubuhi vilibaki vipande vichache tu visivyosomeka. Nikanakili lile faili la .img, na fsck nikaiendesha kwenye nakala hiyo. Ikiharibu, ninayo nyingine.

Karibu kila kitu kilirudi, isipokuwa faili lenyewe la madeni. Faili la .ods ni furushi lililobanwa kama zip, na kipande kidogo kikipotea katikati, yote yanaweza kukataa kufunguka. Nilijaribu `zip -FF`, amri ya kukarabati furushi bovu, sikupata kitu. Lakini nilipomwekea mashine nilikuwa nimewasha kwenye LibreOffice ule mpangilio wa kutunza nakala ya awali kila unapohifadhi. Nikaingia `~/.config/libreoffice/4/user/backup`, nikalikuta: madeni.bak, la Ijumaa jioni. Nililifungua mbele ya Hajati. Alisoma majina matatu ya kwanza, akasema alhamdulillah, akakaa.

Sasa anazo diski mbili za nje. Moja inakaa dukani na kupokea mafaili yake kwa rsync, programu ya kunakili, kila jioni. Nyingine anakwenda nayo Bombo, nyumbani kwake, na kila Ijumaa anazibadilisha. Zote mbili nilizipima kwa f3, programu ya kukagua ukubwa halisi wa kifaa, kabla ya kuziamini, kwa sababu nimekutana na flashi na diski za bei ya kutupa zilizoandikwa terabaiti moja na ndani hamna hata robo yake. Vifaa hivyo vinakubali kupokea mafaili bila kulalamika, na siku ya kuyataka unakuta majina matupu. Mpwa amejifunza kufungua faili moja kutoka kwenye nakala kila mwisho wa mwezi, kuona kama kweli linasoma.

Ikabaki Jumamosi, ambayo .bak haikuwa nayo. Hajati alitoa kaunta buku lake la mkono chini ya meza ya fedha, akavaa miwani, akaanza kumsomea mpwa mteja mmoja mmoja, naye akichapa.