Jan Hus alitakiwa akane nini?

Kwa kuwa kazi yangu ni kufundisha historia ya Kanisa, mara nyingi waumini wa Moravian, ambao Kanisa lao lilichipuka kutoka kwa wafuasi wa Jan Hus huko Bohemia (sehemu ya nchi ya Cheki ya leo), huniuliza ni fundisho gani hasa lililomfanya padri huyo achomwe moto mwaka 1415. Jibu langu huwa haliwaridhishi, kwa sababu swali lenyewe linadhani kwamba uzushi ulikuwa kosa la mafundisho tu. Katika sheria ya Kanisa ya wakati ule, mzushi alikuwa mbatizwa aliyekosea imani, akaonywa, kisha akashikilia kosa lake kwa ukaidi. Aliyekubali kukana aliweza kuokoa maisha yake. Aliyekataa alikabidhiwa kwa dola, maana Kanisa lilijikataza kumwaga damu kwa mkono wake.

Hus alikuwa akihubiri kwa Kicheki katika kanisa dogo la Bethlehemu mjini Praha tangu 1402, akikemea biashara ya vyeo vya Kanisa, na mwaka 1412 akapinga rehema, yaani msamaha wa adhabu za dhambi uliotolewa kwa malipo, zilizotolewa kugharimia vita vya Papa Yohane XXIII. (Huyu si yule wa karne ya 20, alikuwa mmoja wa watu watatu waliodai kiti cha Petro kwa wakati mmoja.) Mwishoni mwa 1414 alikwenda kwenye Mtaguso (mkutano mkuu wa Kanisa) katika mji wa Konstanz, akiwa ameahidiwa usalama na Mfalme Sigismund, na kabla ya mwezi kwisha akatiwa kizuizini.

Mashtaka mengi yalitokana na maandiko ya Mwingereza John Wycliffe. Hus aliyapenda sana, lakini si yote: Kanisa lilishika kwamba mkate wa Misa hugeuka kuwa Mwili wa Kristo, ila Wycliffe alifundisha kwamba hubaki mkate baada ya kuwekwa wakfu, jambo ambalo Hus alilikanusha, na bado aliendelea kushtakiwa kwalo. Hapo ndipo mtego ulipokuwa. Kukana fundisho ambalo hakuwahi kulishika kungekuwa kuapa kwa uongo mbele ya Mungu. Kukataa kukana kulikuwa ukaidi, na ukaidi ndio uliokamilisha uzushi. Kwa maoni yangu, baadhi ya majaji walitaka kwa dhati kumwokoa, ila njia waliyompa haikuweza kupitwa na mtu mwenye dhamiri yake.

Tarehe 6 Julai 1415, ndani ya kanisa kuu, alivikwa mavazi ya Misa kisha akavuliwa moja baada ya jingine. Ilipofika zamu ya kufuta alama ya upadri kichwani pake, yaani duara lililonyolewa nywele, maaskofu walibishana kama watumie wembe au mkasi. Mkasi ukashinda. Wakamvika kofia ya karatasi iliyochorwa mashetani watatu na kuandikwa kwamba ndiye kiongozi wa wazushi, akapelekwa nje ya mji kuchomwa, na majivu yake yakamwagwa katika mto Rhine.

Wycliffe naye, aliyefariki kitandani mwaka 1384, alikuwa amehukumiwa na Mtaguso huohuo miezi miwili kabla. Hakuwepo tena wa kuonywa wala wa kukana, lakini mwaka 1428 mifupa yake ilifukuliwa kaburini Lutterworth, ikachomwa, na majivu yakatupwa katika mto Swift.