Taja kiasi kabla hawajachoka

Jumatatu nilikaa na dada mmoja anayekamua mafuta ya nazi Mbagala. Alhamisi anasimama mbele ya kamati ya mikopo ya benki, Posta. Nikamwambia aanze, nikawasha saa ya simu. Akasalimia, akazingatia itifaki, akamshukuru Mungu, akaomba radhi kwamba yeye si mzungumzaji, kisha akaanza historia ya biashara tangu alipopata wazo. Dakika ya nne ikaisha sijajua anaomba shilingi ngapi.

Katika kazi yangu ya kuwanoa wafanyabiashara, kosa hili nakutana nalo kuliko jingine lolote. Salamu siipingi hata kidogo. Kwetu asiyesalimia amejifungia mlango mwenyewe. Ila salamu ni sentensi moja, na ukiomba radhi kabla hujakosea unawafanya watu wakae wakikutafutia kosa.

Wanafunzi wangu huwa nawarudisha kwenye hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 1978, alipozungumza na wazee wa Dar es Salaam baada ya majeshi ya Idi Amin kuvamia Kagera. Hotuba ilikuwa na mengi, lakini yaliyowakaa watu kichwani ni matatu: sababu, nia, uwezo. Isikilize rekodi yake. Neno "kumpiga" linarudi na kurudi, na kila kipande kinafungwa na "tunayo" au "tunao". Aliyesikia mara moja aliweza kwenda kumsimulia jirani bila kupoteza kitu.

Mjumbe wa kamati naye ana kazi hiyohiyo: akitoka pale atakuelezea kwa mkubwa wake, wewe hupo. Basi mpe kitu kinachobebeka. Tuliandika upya mwanzo wa dada yule: "Wajumbe, habari za asubuhi. Naomba shilingi milioni 40 za kununua mashine ya kukamulia." Hapo anatua. Sababu: oda zinamzidi. Nia: mashine moja, wala si gari. Uwezo: daftari la mauzo la miezi 18, lipo mezani.

Kule kutua ndiko kulikomtesa. Woga hukimbiza ulimi. Namfundisha mtu kutoa pumzi polepole, ndefu kuliko aliyovuta, mara tatu kabla ya kuitwa, moyo hutulia.

Kuhusu lugha, alikuwa amejiandaa kwa Kiingereza kwa sababu tu slaidi zake ziliandikwa hivyo. Nikamwomba apige simu benki aulize. Wakamwambia Kiswahili ni sawa kabisa. Alipoanza tena, hata mikono ilifunguka.

Kusoma kimoyomoyo si mazoezi. Simama, sema kwa sauti, jirekodi, na angalau mara moja ufanye bila projekta, maana umeme haukuulizi ratiba yako.

Jana usiku alinitumia rekodi kwa WhatsApp. Milioni 40 imetajwa sekunde ya 9, kisha kimya, bajaji inasikika ikipita nje, ndipo anaendelea. Nimemrudishia jambo moja tu la kurekebisha: "yaani" nimezihesabu 11.